Mikono Mitupu Njia ya Kwihara

Jumatano, 13 Novemba

Daktari kanipa kazi ya kuandika. Kila siku niandike nilichokula na kama nimetembea, halafu Februari nimpelekee asome. Nikamwambia, mwanangu, mimi shule sikuikanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mimba ya Hafsa, na nilikwenda kwa sababu kulikuwa na kivuli na mwalimu hakuchapa. Akacheka. Akasema, andika hivyohivyo unavyosema. Basi ndiyo hivi.

Nina mafuta kwenye ini. Wamenipaka kitu cha baridi tumboni, wakatazama kwenye kioo, ini linang'aa kama nyama ya sikukuu. Daktari Sheima ni binti wa Waarabu wa mjini, bado mdogo, ana sauti ya kubembeleza. Akaniuliza damu ya mwezi ilikoma lini. Nikamwambia zamani, na siku nilipojua imekoma kweli nilichoma vitambaa vyote kwa furaha. Akasema ilipoondoka, kuna kinga iliondoka nayo. Mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani sasa yanahamia tumboni, na mengine yanaingia kwenye ini. Kumbe nilichoma vitambaa na mlinzi wa lango akaondoka, mimi nashangilia.

Dawa yake? Anasema dawa ni miguu yangu. Nitembee kila siku, kwa haraka, kama mtu anayechelewa gari, mpaka jasho litoke. Tangu mume wangu Abbasi afariki shamba nimekodisha, mimi nakaa barazani nauza asali na michembe, viazi vyetu vya kukausha, tako linaota mizizi. Niache sukari, soda na maandazi. Nile majani kwa wingi, hasa yale machungu, mgagani na mlonge. Ndani yake kuna vitu vinavyolisaidia ini, lakini havitoshi bila miguu. Na dawa za chupa za mitaani nisiguse, nyingine zinaliua ini lenyewe.

Nimemwambia Pelagia. Pelagia ni jirani yangu, kati ya mlango wake na wangu ni njia tu. Tumezaa pamoja, tumezika pamoja, yeye Mkatoliki mimi Mwislamu, na hatujawahi kupigiana hodi. Alicheka mpaka akashika goti lake bovu.

"Ini? Ini ni la walevi! Semeni, umekuwa ukinywa kangara bila kuniita?"

"Ningekunywa ningekunywea kwako, ulipie wewe."

Tukacheka wote. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Ugali, mlenda. Sijatembea. Joto.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetembea. Nilitoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakasirika, nikashika njia ya zamani ya Kwihara inayopita tembe, ile nyumba ya udongo ya yule mzungu wa zamani, wanayokuja kuitazama wageni. Miguu haikunipa shida. Shida ni mikono. Sikujua niiweke wapi. Tangu utoto nimekwenda na kuni, na maji, na mtoto, na jembe. Leo mikono inaning'inia tu kama ya mtu mwingine.

Mwenye baiskeli ya mkaa akanipita, akapunguza mwendo. "Bibi, wapi asubuhi hii?"

"Siendi popote. Natembea tu."

Akapiga pedali. Alipofika mbele akageuka kunitazama.

Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa njia hiihii mpaka pwani, na wake zao walifuata nyuma na vyungu na watoto. Mnyamwezi na mzigo ni shingo na kichwa. Nadhani mimi ndiye wa kwanza kuipita njia hii mikono mitupu.

Jumatano, 20 Novemba

Nimetembea. Hafsa kapiga simu kutoka Dar. Anataka nihamie kwake. Nikamwambia kwako ni ghorofa ya tatu, nitatembea wapi, juu ya kochi?

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Ardhi inanuka vizuri mpaka unatamani kuilamba.

Jumanne, 3 Desemba

Mgagani umeota kwenye mahame ya marehemu Nassibu. Nyumba imebaki kuta mbili tangu familia yake ihame, lakini pale palikuwa na zizi, na mgagani unapenda mbolea ya zamani. Mwororo, mchungu, haujaguswa na mbuzi. Nimechuma upande mzima wa kanga. Wakati nainuka nikamwona Recheli, binti wa Pelagia, njiani na mwanawe Tobias mgongoni, anakwenda bombani. Nikampungia mkono na majani. Hakunipungia. Nikadhani jua lilikuwa machoni.

Mgagani nimechemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia karanga. Mtamu.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimetembea. Mgagani.

Jumapili, 8 Desemba

Kuna jambo. Watoto wa njiani hukimbilia kunisalimia, wanajua naweka karanga mfukoni. Leo wamekimbia pia, ila upande wa pili.

Na Recheli kapita barazani pangu bila shikamoo. Huyu nimemkata kitovu mimi mwenyewe, mama yake akiwa anapiga kelele. Marahaba ilikuwa tayari mdomoni, ikabidi niimeze.

Jumapili, 15 Desemba

Siandiki nilichokula.

Asubuhi nilisikia Recheli analia. Nikavuka njia, nikaingia bila hodi kama siku zote. Tobias alikuwa mikononi mwake, amekakamaa, macho yamekwenda juu. Degedege. Mwili unaungua hata ukiwa mbali unausikia.

Nikanyoosha mikono. "Nipe nimpoze kwa kitambaa cha maji, wewe tafuta pikipiki."

Recheli akanigeuzia mgongo. "Usimguse!"

Hakusema mama usimguse, wala bibi. Usimguse, kama unavyomfukuza mbwa kwenye chungu.

Nikamtazama Pelagia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama mafiga. Moto wenyewe ulikuwa umezimika. Nikasema, "Pelagia." Akachukua kijiti akachokonoa majivu.

"Mtoto anawaka," nikasema. "Mimi mtanitazama baadaye. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Nikatoka mwenyewe mbio mpaka barabarani, kanga inadondoka, nikasimamisha pikipiki kwa kusimama mbele yake. Kijana akanitukana. Nikamwambia nitukane njiani, kambebe mtoto kwanza. Wakapanda, Recheli na Tobias, na Pelagia nyuma kabisa na goti lake. Hakuna aliyegeuka.

Nimerudi nikakaa. Nimetafakari mpaka nikaona wanachokiona wao. Mwanamke mzee anayetoka peke yake alfajiri. Hana jembe, hana ndoo. Ukimuuliza anakwambia haendi popote. Anachuma majani kwenye nyumba ya mtu aliyekufa. Macho yake mekundu. Mtoto wa jirani anaugua.

Hata mimi ningekisikia kisa hicho kikisimuliwa juu ya mtu wa kijiji kingine, ningesema, mh.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Tobias kalazwa. Nimesikia kwa watu wa bomba, wao walikuwa wakiambizana, mimi nikasikia tu.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Desemba

Malaria. Kaongezewa damu. Anakunywa uji. Alhamdulillahi. Sijavuka njia.

Jumapili, 22 Desemba

Kaja Adriano, mwenyekiti wa kitongoji. Kaacha baiskeli mbali, kaja kwa miguu.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Hiyo ya kwanza wiki hii. Kaa. Chai ya choya, maua mekundu tu, haina sukari, utavumilia."

Akakishika kikombe, hakukipeleka mdomoni. Nikakichukua nikanywa mimi kwanza, nikamrudishia. Akaona haya, akanywa.

"Watu wanauliza unakwenda wapi alfajiri."

"Waambie naliponya ini langu."

"Na kule kwa Nassibu?"

"Mgagani."

"Mgagani upo hata bombani, Bi Semeni."

"Wa bombani unakojolewa na mbuzi wako."

Akataka kucheka, akajizuia. "Mimi nakuelewa. Shemeji yangu ana sukari, naye kaambiwa atembee. Lakini shemeji yangu ni mwanamume, anakaa mjini, na anavaa raba. Wewe ni mwanamke, mjane, halafu macho yako..."

"Macho yangu yana moshi wa kuni mbichi, Adriano. Mama yako alikuwa na macho hayahaya."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Mama yake aliondoka hapa kwa maneno kama haya, akafia kwa watu huko Bukene. Nilikuwa nimesahau. Hapana, sikusahau. Ilikuwa imetulia tu mahali.

Alipoondoka akasema, "Acha kutembea kwa muda. Na kama huwezi, basi beba kitu. Jembe, ndoo, chochote."

Jumatatu, 23 Desemba

Nimetembea na ndoo tupu kichwani. Mwanamke mmoja akasema, "Bibi, bomba liko huku." Nikamwambia najua. Kosa lingine. Mtu anayejua bomba liliko na anakwenda kwingine na ndoo ni mbaya kuliko asiye na ndoo.

Jumanne, 24 Desemba

Nimekwenda bombani, nikajaza, nikazunguka njia ndefu na maji kichwani mpaka nyumbani. Sina kazi na maji, mapipa yamejaa mvua. Nimemwagia mlonge wangu, nao umejaa mvua. Tumetazamana.

Jumatano, 25 Desemba

Kila Krismasi Pelagia huniletea sahani, kafunika na sahani nyingine, kafunga na kitambaa chenye maua. Kila Idi mimi hupeleka yangu kwa kitambaa hichohicho. Kipo kwangu. Nimekiosha, nimekianika, nimekikunja.

Nimekula michembe.

Ijumaa, 3 Januari

Tobias karudi siku nyingi, namsikia analia na kucheka ng'ambo. Kilio cha afya kinajulikana. Nimesimama dirishani.

Jumamosi, 11 Januari

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta mlonge wangu umekatwa. Umekatwa kwa panga, chini kabisa, ukalazwa mlangoni ili niuruke nikitoka. Majani yalikuwa bado hayajanyauka.

Sikulia. Nilikaa juu ya gogo nikachuma majani yote, nikayaanika. Majani hayana kosa. Kisha ndipo nikalia.

Nilimwambia Hafsa kwa sababu nilikuwa mjinga kuliko kawaida asubuhi hiyo. Akapiga kelele mpaka simu ikakoroma. "Mama, hawa watakuua! Baada ya Idi nakuja kukuchukua. Nyumba tutaifunga." Mwanangu hatanii. Alivyo mkali ni mimi niliyemfundisha.

Jumanne, 14 Januari

Nimetembea ndani ya ua. Nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikafikiri, mtu akichungulia juu ya ukuta akanikuta nazunguka nyumba yangu peke yangu nikihema, ndiyo atapata la kusimulia. Nikaacha.

Januari

Mvua. Nakaa. Sijui tarehe.

Jumatano, 12 Februari

Kwa daktari. Nimemkabidhi daftari, nikamwonyesha kurasa za nyuma ninakoandika chakula na kutembea tu, nyingine nikazibana kwa kidole. Akasoma. Chai na asali. Uji na asali. Mgagani, na asali kidogo kukata uchungu.

"Bi Semeni, asali ni sukari."

"Asali ni dawa. Tabora nzima inajua."

"Ini halimjui nyuki," akasema.

Kaniambia hayo. Mimi, na asali nimeuza maisha yangu yote.

Picha haijabadilika, na uzito umeongezeka. Akanieleza bila kunibembeleza safari hii, nikampenda kwa hilo. Ini lenye mafuta linaweza kurudi kuwa ini. Likiachwa linaweza kukakamaa na kufanya kovu, na kovu halirudi. Tutapima tena Mei. "Majani unakula vizuri. Mbona kutembea umeacha?"

Nikaondoa kidole kwenye kurasa zile. Alisoma zote. Nje walikuwa wanaita namba za watu. Alipomaliza alikuwa na macho mekundu kuliko yangu.

"Tembea na mtu," akasema.

"Na nani?"

Jumapili, 16 Februari

Jua siku ya tano. Mahindi ya watu yanajikunja majani kwa kiu. Watasema ni mimi pia.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Nimefuturu peke yangu, tende, uji bila kitu. Kufuturu peke yako ni kazi. Unasikia kila sauti ya kijiko chako.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Kisiki cha mlonge kimechipua. Machipukizi mengi, yanasukumana kama watoto mlangoni. Aliyeukata hakuwa mkulima. Mlonge ukiukata unaushtua tu.

Jumapili, 23 Machi

Hafsa kakata tiketi. Atafika tarehe kumi Aprili. Nimetazama vyungu vyangu nikaanza kuchagua cha kubeba, nikaona kila kimoja nilikinunua nikiwa na Pelagia. Nikaviacha palepale.

Nimekaa nikimchukia Recheli miezi yote hii. Leo chuki imenichosha. Mtoto wake alikuwa anakufa mikononi, na mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Ila Pelagia sijajua nimweke wapi.

Jumatatu, 31 Machi, Idi

Nimepika pilau. Nikapakua sahani, nikaifunika na nyingine, nikafunga na kitambaa cha maua. Nikavaa kanga mpya. Nikavuka njia saa ambayo watu wote wako nje, mchana kweupe, niliona afadhali kudharauliwa mbele za watu kuliko kungoja.

Nikasimama mlangoni. Mara ya kwanza maishani nikasema, "Hodi."

Pelagia akatoka. Amekonda. Aliposikia hodi yangu uso wake uliumia kama nimempiga.

"Pelagia," nikasema, na sikushusha sauti, "mimi si mchawi. Nina mafuta kwenye ini."

Waliokuwa bombani, hapo karibu, wakageuka na ndoo zao.

"Najua," akasema.

"Ulijua na siku ile?"

"Nilijua."

"Basi ulikuwa unaogopa nini kwenye majivu?"

Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Niliogopa waone siogopi. Wangesema tuko wawili."

Jambo la kweli likisemwa halihitaji kuzungushwa. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia, maana nami sijui ningefanya nini ningekuwa mimi kwenye kigoda kile.

Nikafungua kitambaa. Nikashika kijiko nionje kwanza, kama nilivyomfanyia Adriano. Pelagia akaninyang'anya kijiko. Akachota, akatia mdomoni, akatafuna amesimama, mbele ya bomba zima.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Daktari kakataza na chumvi."

"Daktari wako hana dini."

Recheli alikuwa nyuma ya pazia. Hakutoka.

Jumanne, 1 Aprili

Leo Pelagia hakuvuka. Nami sikuvuka. Nikadhani pilau ndiyo ilikuwa kwaheri.

Jumatano, 9 Aprili

Kesho Hafsa anafika.

Asubuhi nilikuwa nafunga begi. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Pelagia, na Tobias ubavuni, na kanga begani. Nyuma yake Recheli, amesimama kwenye njia, si huku wala kule.

"Goti langu hili," akasema Pelagia, "haliwezi kutembea na wewe. Ningeweza ningekwenda."

"Sikukuomba."

"Nyamaza, Semeni. Geuka."

Nikageuka kabla sijajua kwa nini. Akaninamisha kwa kunikandamiza bega, kama tulivyokuwa tukifanyiana ujanani, akamweka Tobias mgongoni kwangu, akapitisha kanga.

"Watu wanasema unatembea mikono mitupu. Haya. Huu mzigo."

Mtoto alikuwa mzito, kashiba, ananuka uji. Akanishika sikio. Nilibaki nimeinama. Si kwa ajili ya mgongo.

Nikatoka. Nikapita njia mpaka kwa Recheli, nikasimama. Singepita na mtoto wa mtu bila yeye. Akanitazama machoni, yaani ndani ya wekundu wenyewe. Akaja mbele yangu, akafungua fundo la kanga kifuani, nikajua anamchukua mwanawe, nikajiandaa. Akalifunga upya. Akalikaza.

"Mama hajui kufunga," akasema. Kisha, chini sana, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nimetembea mpaka kwenye tembe na kurudi, kwa haraka, kama ninayechelewa gari. Jasho limenitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bombani mmoja akanisalimia, mwangaluka, wengine wakainamia ndoo zao. Nimepita kwa Nassibu nikachuma mgagani huku Tobias anavuta majani na kuyatupa. Yule wa baiskeli ya mkaa akapunguza mwendo.

"Bibi, wapi asubuhi hii?"

"Namtembeza mjukuu."

Akapiga pedali. Hakugeuka.

Nimemrudisha kwao. Recheli kamfungua, kasema kesho atamleta mapema kabla ya jua. Nimempigia Hafsa, nikamwambia aje anitazame, asije na begi kubwa. Kakasirika. Atazoea.

Sasa nimekaa jikoni. Mgagani upo motoni, bila asali. Nyumba ni ileile, kijiko ni kimoja. Mgongo umekaa na joto la mtoto muda mrefu, ndiyo kwanza unapoa.